Dawati kabla ya dari



Dominika hii naanza na kosa langu. Miaka mingi iliyopita nilikuwa paroko milimani. Tulichangishana fedha za dari ya kanisa, na dari ikapatikana. Hatua chache kutoka hapo, watoto wa darasa la kwanza walikaa juu ya mawe, ukungu wa asubuhi ukiwaingilia kwa madirisha yaliyo wazi. Nilipita pale kila siku. Niliwabariki, nikaenda zangu.

Baadaye nilisoma habari za Padre Lorenzo Milani wa Italia. Desemba 1954 alipelekwa Barbiana, parokia ndogo ya milimani isiyo na umeme wala maji ya bomba. Hakusubiri mfadhili. Alifungua shule katika nyumba yake ya paroko. Meza walitengeneza wenyewe. Watoto wa mlimani waliogopa maji, basi wakajenga bwawa dogo la kuogelea. Wakubwa walifundisha wadogo, na aliyebaki nyuma alisubiriwa. Padre huyo alifariki mwaka 1967 akiwa na miaka 44. Juni 2017 Papa Fransisko alikwenda kusali kaburini kwake.

Sisi nchini Tanzania, tangu Januari 2016 serikali iliondoa ada hadi kidato cha nne. Ni jambo jema. Lakini wengi wetu tukadhani kwamba ada ikiondoka, wajibu wetu nao umeondoka. Kufutwa kwa ada peke yake hakupiki uji wala hakuchongi dawati.

Mitume walipobishana nani aliye mkubwa, Yesu alimchukua mtoto akamsimamisha katikati yao. Katikati, si pembeni. Nasi tukibishana kuhusu vigae na vipaza sauti vya kanisa, tujiulize: mtoto tumemweka wapi?

Wiki hii nenda shule iliyo karibu nawe, saa saba mchana. Tazama nani anakula na nani anashinda njaa. Muulize mwalimu mkuu kitu kimoja tu kinachokosekana, kisha kipeleke kwenye jumuiya yako ndogo ndogo. Debe la mahindi. Mbao chache. Siku moja ya fundi.

Dari ile bado ni nzuri. Lakini watoto wale sasa ni watu wazima, na asubuhi zile za baridi siwezi kuwarudishia. Wako wa leo bado unaweza kuwawahi.