Kituo cha Afya ya Wazee Hukamilika Siku Gani?

Andiko la mradi wa kituo cha afya ya wazee, awe ameliandika mstaafu aliyepata kiinua mgongo chake au ndugu wa familia moja walioamua kuchangishana, huwa halitofautiani sana na jingine. Kutakuwa na chumba cha daktari, maabara ndogo, famasi, chumba cha mazoezi ya viungo kwa waliopooza na wenye maumivu ya magoti, vitanda vichache vya kupumzikia, na gari la kuwafuata wasioweza kutembea. Ujenzi utachukua miezi minane au mwaka, kisha milango ifunguliwe. Kwa sehemu kama Buhongwa, kata ya kusini mwa Jiji la Mwanza iliyo kando ya barabara kuu ya kwenda Shinyanga, mpango huu una mantiki yake, na anayeupanga hajaota ndoto ya mchana.

Mji umesogea. Umepita Nyegezi, ukapita Mkolani, na sasa Buhongwa ina familia nyingi zilizojenga baada ya viwanja vya katikati kuwa ghali. Familia hizo huwaleta wazazi wao kutoka Misungwi, Kwimba, Magu na Sengerema presha inapopanda au kisukari kinapogundulika. Kumpeleka mzee wa namna hiyo mjini, apande daladala, ashuke, kisha apandishwe kilima cha hospitali ya Bugando, ni kazi ya siku nzima kwake na kwa mjukuu anayemsindikiza. Nchi nzima nako hesabu inakua: sensa ya 2012 ilikuta watu wa miaka 60 na kuendelea takriban milioni 2.5, na ile ya 2022 ikawakuta karibu milioni 3.5. Uhitaji upo, na mradi unaoyumba huyumbia kwingine.

Sehemu ya kwanza ya kuyumba ni mezani, kabla ya jembe la kwanza kugusa ardhi. Andiko hueleza vizuri nani atatibiwa, halafu hupita haraka mahali pa kueleza nani atalipa. Kwa utaratibu wa nchi, mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo hutibiwa bila malipo katika vituo vya serikali. Kituo binafsi kinafungua biashara mbele ya huduma ambayo kwa maandishi ni bure, ingawa mara nyingi dawa zikikosekana huko mzee huandikiwa akanunue nje. Mzee mwenyewe naye ana historia yake. Tiba ya binafsi ya kutafuta faida ilipigwa marufuku mwaka 1977 na kuruhusiwa tena mwaka 1991, kwa hiyo mtu aliye na miaka 75 leo alitumia miaka mingi ya utu uzima wake akijua kwamba hospitali ni ya serikali au ya misheni. Kumwambia atoe pesa ya kumwona daktari kila mwezi, hata siku anayojisikia vizuri, kunahitaji maelezo ya subira.

Kipato cha kulipia ni kidogo. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumpa kila mwenye miaka 70 na zaidi pensheni ya jamii, ikianzia shilingi 20,000 kwa mwezi. Bara haina malipo ya namna hiyo kwa wazee wote. Waliokuwa watumishi wana pensheni. Mkulima wa pamba, mvuvi na mama aliyeuza samaki maisha yake yote hawana. Anayelipa ni mtoto aliye Dar es Salaam au Geita, kwa simu, na hulipa mzee anapozidiwa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inakusudia kubadilisha hali hiyo, na mmiliki makini ataiweka kwenye hesabu zake; ila atakumbuka pia kwamba madai ya bima hulipwa baada ya huduma, wakati mshahara wa muuguzi unadaiwa mwisho wa mwezi. Kama andiko halina fedha za kuendesha kituo kwa miezi ya mwanzo ambayo mapato hayajakaa sawa, jengo litakamilika na huduma itasimama.

Ujenzi una mambo yake, na Mwanza ina jiwe lake. Kiwanja kinachoonekana tambarare kinaweza kuficha mwamba hatua chache chini. Msingi uliokadiriwa kuchimbwa kwa wiki mbili hugeuka kazi ya kuwasha moto juu ya jiwe, kulipasua kwa nyundo na kusogeza vipande, au kuomba kibali cha kutumia baruti. Shimo la maji taka ndilo huumiza zaidi, kwa kuwa haliwezi kuhamishwa popote bila kugusa ramani nzima. Kuchimba mashimo machache ya majaribio kabla ya kusaini mkataba kunagharimu kidogo. Wengi hawafanyi hivyo, na sioni uzembe mkubwa hapo: mtu akishanunua kiwanja kwa akiba ya miaka, hatamani kusikia kwamba kina jiwe.

Upande wa mabondeni tatizo ni maji. Mvua zinapoanza Oktoba na kuendelea kwa vipindi hadi Mei, barabara za ndani zisizo na lami hukatika, na malori ya mchanga na kokoto hubaki barabara kuu. Kwa kuogopa maji kuingia ndani, fundi huinua jamvi la nyumba. Uamuzi huo ni sahihi kwa jengo. Kwa mtumiaji, umezaa ngazi nne.

Hapa ningependa tukae kidogo, maana ndipo mradi wa wazee unapojulikana kama ni wa wazee kweli. Ngazi nne za sentimita 15 zinafanya kimo cha sentimita 60. Kipimo kinachotumika sana kwa njia ya mteremko ya kiti mwendo ni sentimita 12 za mwendo kwa kila sentimita moja ya kimo. Ngazi zile nne basi zinadai mteremko wa mita 7.2, ukiwa na chuma cha kushikilia pande zote. Kiwanja kidogo hakina nafasi hiyo kama haikutengwa tangu kwenye ramani. Kinachojengwa mwishoni ni mteremko wa mita tatu, mkali kiasi kwamba kijana anayesukuma kiti mwendo hupumua kwa shida na bibi mwenye mkongojo huogopa kuushuka. Kwenye ripoti ya ukaguzi mteremko upo. Wazee hupita kwenye ngazi, wakishikwa mkono.

Choo nacho ni vivyo hivyo. Andiko lilisema choo cha kukaa chenye vyuma vya kushikilia na mlango mpana. Fundi aliweka fremu alizozoea kuweka kwenye nyumba za kuishi, na kiti mwendo hakipiti. Kubomoa ukuta uliokwisha kupigwa rangi ni gharama mpya, hivyo choo hicho hubaki kwa wafanyakazi na mgonjwa hujizuia kunywa maji mengi kabla ya kuja kliniki. Mgonjwa wa kisukari hapaswi kufika hapo.

Vitu vinavyobaki bila kukamilika hufuatana kwa mpangilio unaokaribia kutabirika: gari la wagonjwa, chumba cha mazoezi ambacho hugeuka stoo ya maboksi, jenereta au sola, kivuli na mabenchi ya kusubiria, njia ya kutoka barabarani hadi getini. Vyote vilikuwa mwisho wa orodha ya manunuzi, na fedha iliishia katikati. Lakini umeme wa akiba si pambo. Insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa kuhifadhiwa kati ya nyuzi joto 2 na 8. Friji ikizimika mara kwa mara, famasi inaweza kuuza dawa iliyopoteza nguvu na mgonjwa asijue kwa nini sukari haishuki.

Huduma ya macho nayo huahirishwa hadi awamu ya pili, kwa kuwa vifaa vyake ni ghali. Usukumani, eneo la Wasukuma ambamo Mwanza imo, uahirishaji huo una uzito wa pekee. Macho mekundu ya bibi, yaliyochomwa na moshi wa jiko kwa miaka mingi, yamewahi kugharimu maisha ya wanawake wazee walioshukiwa uchawi. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji. Mwasho na wekundu vina tiba. Hata kituo kisicho na chumba cha upasuaji kinaweza kupima macho, kutoa rufaa na kuieleza familia kwamba huo ni ugonjwa. Kazi hiyo ningeiweka awamu ya kwanza.

Gharama zinakuaje? Mara chache kwa wizi, mara nyingi kwa muda. Makadirio mengi hutenga asilimia 5 hadi 10 ya dharura, na mwamba peke yake unaweza kuimaliza. Kazi ikisimama kwa mvua, simenti iliyokwisha kununuliwa huganda stoo, mlinzi anaendelea kulipwa, na marejesho ya benki hayangoji kokoto. Vifaa vya maabara vinavyoagizwa nje vinapanda bei shilingi ikishuka dhidi ya dola, kwa hiyo mashine iliyokadiriwa mwanzoni haipatikani kwa bei ile mwaka mmoja baadaye. Mmiliki naye huongeza: chumba kimoja zaidi, ghorofa ya baadaye, nguzo nene za kuibeba. Kila nyongeza ina sababu nzuri ikisimama peke yake. Zikijumlishwa zinakula fedha ya gari na ya mishahara. Mkandarasi analaumiwa kwa kuchelewa, na wakati mwingine lawama ni yake. Lakini ramani iliyobadilishwa mara tatu haina fundi wa kuiwahi.

Baada ya kufungua, swali la kufika linabaki palepale. Daladala humshusha mzee barabara kuu. Kutoka hapo ni bodaboda, ambayo mwenye nyonga mbovu hawezi kuipanda, au bajaji, ambayo wakati wa mvua inaweza kugoma kuingia ndani. Kituo kilichoko mita mia tano kutoka lami, kwa mtu wa miaka 80, kiko mbali. Ndani nako kuna kufika kwa aina nyingine. Wazee wengi waliotoka vijijini hueleza maumivu yao vizuri zaidi kwa Kisukuma, na mapokezi yasiyo na anayekielewa hupata nusu ya habari. Mzee wa kiume mwenye matatizo ya tezi dume hatamweleza binti aliye sawa na mjukuu wake, hasa dirisha likiwa wazi na foleni ikisikiliza. Kuweka mhudumu mtu mzima na chumba chenye mlango unaofunga hakuongezi sana bajeti, na humfanya mgonjwa arudi.

Kwa maoni yangu, njia yenye uhakika zaidi kwa biashara hii huanzia nyumbani kwa wazee. Muuguzi mmoja mwenye sifa, chini ya kituo chenye usajili, akiwa na kipimo cha presha, cha sukari na daftari, anaweza kuwazungukia wazee wa mitaa michache kwa malipo ya mwezi ambayo watoto wao wanayamudu. Baada ya mwaka mmiliki anajua wangapi wanalipa kweli, wanaishi upande gani, wanaugua nini na nani hawezi kupanda ngazi. Jengo likija, linajengwa kwa watu wanaojulikana. Njia hii ina upungufu: haina jiwe la msingi, na benki hukopesha kwa urahisi zaidi panapoonekana ukuta. Hata hivyo, mtaji mdogo ukipotea hapo, familia haipotezi kiwanja.

Kwa anayepanga kujenga Buhongwa, ombi ni moja. Weka tarehe mbili kwenye mkataba: siku ya kukabidhiwa funguo, na siku ambayo mzee aliyekuja kwa daladala ameweza kuingia, kupimwa, kwenda chooni, kupata dawa na kurudi kwake siku hiyohiyo. Sehemu ya malipo ya mkandarasi inayozuiliwa hadi kasoro zirekebishwe, izuie hadi tarehe hiyo ya pili itimie, na fedha ya mteremko, choo na friji isiguswe kwa kazi nyingine yoyote.