Mshamba, Mkulima na Kicheko cha Muhogo Mchungu

Mwaka 1952 ilitolewa nchini Tanganyika filamu ya vichekesho iitwayo Muhogo Mchungu. Mhusika wake mkuu ni mtu wa kijijini anayefika Dar es Salaam bila kuzijua hila za mji. Aliyeigiza nafasi hiyo ni Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye Januari 1962 alikuwa Waziri Mkuu. Filamu hiyo yafaa kurejewa na walimu na wafasiri, kwa kuwa kicheko chake kimesimama juu ya dhana ambayo Kiswahili huibeba kwa neno moja: mshamba.

Kwa umbo, mshamba ni kiambishi m- na nomino shamba, kama mpwani ilivyoundwa kutokana na pwani. Neno humtaja mtu kwa mahali atokapo. Unguja hadi leo shamba ni eneo lote lililo nje ya mji, na mtu wa shamba ni mkaazi wa huko tu. Mkulima, kinyume chake, limetokana na kitenzi lima; humtaja mtu kwa kazi yake.

Tofauti hiyo huonekana katika sentensi mbili:

1. Mkulima yule aliuza pamba yake Bariadi.
2. Mshamba yule aliuza pamba yake Bariadi.

Ya kwanza inaeleza. Ya pili inahukumu. Msikilizaji wa sentensi ya pili hungoja kusikia kwamba muuzaji alipunjwa au alichekwa. Ndiyo sababu Azimio la Arusha la 1967, lilipotaka kumpa heshima mzalishaji wa kijijini, lilinena juu ya wakulima na wafanyakazi. Washamba hawakutajwa.

Matumizi ya leo yamelipanua neno. Mzaliwa wa mjini aweza kusema, “Mimi ni mshamba wa kompyuta,” akimaanisha kwamba hana uzoefu nayo. Hata hivyo, upanuzi huo una mpaka. Mgeni kutoka Dar es Salaam akifika Simiyu, mkoa wa pamba na ng'ombe, akashindwa kuwafunga maksai kwenye plau, wenyeji watamcheka, lakini ni nadra kumwita mshamba. Neno hupima ujinga kwa mizani ya mji peke yake.

Mizani hiyo huingia hata darasani. Wachekeshaji wengi wamuigizapo Msukuma huanza na lafudhi yake, na mwanafunzi wa Bariadi hujikuta akiambiwa kwamba anaongea “kishamba”. Kisukuma kina irabu 7 na toni; Kiswahili sanifu kina irabu 5 na hakina toni. Anachokisikia mwalimu ni athari ya mfumo mmoja juu ya mwingine. Istilahi yake ni lafudhi au athari ya lugha ya kwanza, nayo hurekebishwa kwa mazoezi, si kwa dhihaka.

Kwa mfasiri, ushauri ni huu. Matini ikimtaja mtu kwa kazi, tumia mkulima. Ikimtaja kwa makazi, tumia mwanakijiji au mtu wa kijijini. Mshamba litumike pale tu ambapo matini yenyewe inadharau, au mhusika anapojitania. Likiwekwa mahali pa mkulima, tafsiri itakuwa imeingiza kicheko ambacho mwandishi hakukikusudia.