Kuhama Chuo Kikuu na Hatima ya Krediti

Wanafunzi na wazee wao wanafahamishwa kwamba mwanafunzi aliyeona chuo chake hakimfai hazuiwi kuomba kuhama, lakini masomo aliyokwisha kufaulu hayamfuati yenyewe. Nchini Tanzania, krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza, na shahada ya kwanza huhitaji krediti zisizopungua 360. Chuo kinachompokea ndicho hupima iwapo mitaala inalingana. Somo lisilolingana husomwa upya, na kwa njia hiyo mwaka mzima huweza kupotea pamoja na ada yake. Basi asiage chuo cha awali kabla hajapewa orodha ya krediti zilizokubaliwa, tena kwa maandishi. Ahadi ya mdomo haitoshi. Mwenye mkopo wa Serikali aiarifu mapema Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, fedha zisije zikapelekwa chuo asichosoma tena.