Omeprazoli: dawa inayotaka kutangulia chakula

Omeprazoli ni dawa ya kupunguza asidi tumboni. Daktari huiandika kwa mtu mwenye kiungulia kisichoisha, vidonda vya tumbo, au tumbo linalowaka na kujaa kila baada ya chakula. Ilivumbuliwa nchini Sweden, ikaingia sokoni mwaka 1988 kwa jina la Losec. Marekani iliitwa Prilosec, kwani Losec ilikuwa ikichanganywa na Lasix, dawa ya kuongeza mkojo. Hitilafu ya herufi chache tu.

Ukuta wa tumbo una seli zenye pampu ndogo zinazomwaga asidi. Vidonge vya magnesiamu vya kutafuna huizima asidi iliyokwisha kumwagika; omeprazoli huifunga pampu yenyewe. Ila hufunga pampu iliyo kazini tu, na kinachoziamsha pampu ni chakula. Ndiyo maana humezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya kula, aghalabu asubuhi. Anayemaliza chai na chapati ndipo akaikumbuka dawa, ameipunguzia nguvu.

Kapsuli ikifunguliwa, ndani mna punje za mviringo mfano wa ulezi. Kila punje imevikwa ganda la kuikinga na asidi ileile inayokwenda kuizuia, hivyo kuzitafuna au kuzisaga ni kuiharibu dawa.

Dawa hutoweka katika damu baada ya saa chache, lakini pampu iliyofungwa haifunguki. Mwili hutengeneza nyingine. Kwa hiyo miligramu 20 mara moja kwa siku huwatosha wengi, na nguvu yake hutimia baada ya siku kadhaa. Kumeza leo na kuruka kesho hakuifikishi huko.

Vidonda vingi huletwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Huyo haondoki kwa omeprazoli peke yake; huongezwa antibiotiki, kama amoksisilini na klarithromaisini.

Matibabu kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 8. Aliyeitumia kwa miezi akiacha ghafla, asidi huweza kufurika kwa muda, naye akidhani ugonjwa umerudi hukimbilia tena duka la dawa. Matumizi ya miaka yanaweza kupunguza magnesiamu na vitamini B12 mwilini.

Mwenye kutapika damu, kupata choo cheusi kama lami, kukonda bila sababu au kukwamwa na chakula anahitaji kipimo cha kamera kwanza, kwa kuwa omeprazoli huweza kutuliza hata maumivu ya saratani ya tumbo.