Kukuza Msamiati wa Watoto wa Madarasa ya Chini

Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kuwaonyesha walimu wanafunzi njia chache za kukuza msamiati wa watoto wa darasa la kwanza na la pili, hasa wale ambao lugha yao ya nyumbani si Kiswahili. Tumelichagua jambo hili kwa sababu, katika ziara zetu za kukagua mazoezi ya kufundisha katika shule zinazoizunguka Ibadakuli, tumeona mara nyingi mtoto mwerevu akihesabiwa kuwa mzito kwa kukosa neno moja tu. Kosa hilo halionekani katika azimio la kazi wala katika andalio la somo, lakini laweza kumfuata mtoto mpaka mwisho wa masomo yake.

Tuanze na tukio moja. Mwalimu mwanafunzi wetu alikuwa akifundisha kusoma katika darasa la kwanza. Aliandika ubaoni sentensi "Ndege ametaga mayai matatu", akaisoma kwa sauti nzuri. Mtoto mmoja wa dawati la nyuma akacheka, na darasa zima likamfuata. Mwalimu akadhani amedharauliwa. Akamsimamisha mtoto yule kando ya ukuta hadi kipindi kilipokwisha. Nasi tuliokuwa tumeketi nyuma na daftari la tathmini tuliandika kwamba nidhamu ya darasa ilikuwa dhaifu.

Aliyetufumbua macho ni mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Usukuma, tulipokuwa njiani kurudi chuoni. Kiumbe arukaye na kutaga mayai huitwa noni kwa Kisukuma. Neno ndege watoto wale walilijua vizuri, lakini kwao lilikuwa na maana moja tu: kile chombo ambacho uwanja wake uko hapa hapa Ibadakuli. Mtoto alikuwa ameambiwa kwamba eropleni imetaga mayai, akacheka, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili angecheka. Yeye aliielewa sentensi kama alivyoisikia. Sisi ndio hatukumwelewa yeye.

Msamiati na usomaji

Msamiati ni jumla ya maneno anayoyajua mtu. Yako maneno ambayo mtoto huyaelewa anapoyasikia au kuyasoma, na yako yale anayoweza kuyatumia mwenyewe katika kusema na kuandika. Fungu la kwanza daima ni kubwa kuliko la pili. Kwa hiyo mtoto anayenyamaza asichukuliwe kuwa hajui neno. Huenda analielewa, ila halijafika ulimini.

Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma nchini Tanzania, isipokuwa chache zinazotumia Kiingereza. Uamuzi huo umelijenga taifa. Hata hivyo, umemwachia mwalimu wa darasa la kwanza kazi ya pekee, yaani kumfundisha mtoto kusoma katika lugha ambayo wakati huo huo anajifunza kuisema. Shirika la UNESCO, katika taarifa yake ya mwaka 1953, lilishauri kwamba mtoto aanze masomo kwa lugha ya mama yake, kwa kuwa hiyo ndiyo anayofikiria kwayo. Sisi tunafundisha kwa Kiswahili, na ndiyo maana hatuna budi kuijaza nafasi hiyo kwa bidii na maarifa.

Iko hatari moja ambayo mwalimu mgeni kazini huitambua kwa shida. Maandishi ya Kiswahili hufuata matamshi. Mtoto akishajua herufi na silabi, aweza kusoma kwa sauti neno lolote, hata lile asilojua maana yake. Atasoma "Jahazi linapita baharini" bila kukwama, na mwalimu atampigia makofi, kumbe mtoto hana jahazi wala bahari kichwani. Katika mtaala wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu ulioanza mwaka 2015, kusoma kwa ufahamu kulikuwa sehemu ya kusoma. Kutamka bila kuelewa ni nusu ya kazi.

Aina tatu za maneno mapya

Kabla ya kufundisha neno lolote, mwalimu ajiulize: Je, mtoto huyu amekosa jambo lenyewe, au amekosa jina lake tu? Jibu la swali hilo ndilo litakaloamua njia ya kufundishia. Sisi twayagawa maneno mapya katika mafungu matatu.

(a) Neno jipya kwa jambo la zamani. Mtoto ajuaye minzi hahitaji kuelezwa maji ni nini. Ajuaye mbula anaijua mvua, tena pengine kuliko mwalimu aliyetoka mjini. Kadhalika nzala ni njaa, na nzila ni njia. Hapa maelezo marefu ni kupoteza wakati. Onyesha kitu, taja jina, kisha mpe mtoto nafasi nyingi za kulitumia. Zaidi ya hayo, mtoto mwenyewe ataona kwamba nzala na njaa, nzila na njia, ni maneno ya ukoo mmoja. Kisukuma na Kiswahili vyote ni vya jamii ya Kibantu, na udugu huo ni mtaji wa mwalimu.

(b) Neno jipya kwa jambo jipya. Bahari, wimbi, jahazi na mnazi ni maneno ya namna hii kwa mtoto wa Shinyanga. Kutaja jina na kuonyesha picha hakutoshi. Ni lazima mwalimu ajenge wazo kwanza, akianzia kwa kile ambacho mtoto amekiona. Mtoto wa Geita aishiye karibu na Ziwa Victoria aanzie ziwani. Mtoto wa Ibadakuli aanzie kwenye lambo ambako ng'ombe hunywa maji: "Hebu fikirini lambo ambalo huwezi kuuona ukingo wake wa pili, na maji yake yana chumvi." Fungu hili huhitaji muda mrefu zaidi, na ni vyema lisizidi neno moja au mawili katika kipindi.

(c) Neno la zamani kwa maana mpya. Fungu hili ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu mtoto na mwalimu wote hudhani wameelewana. Ndege wa kisa chetu ni mfano mmoja. Mfano wa pili ni neno duara. Katika machimbo madogo ya dhahabu ya ukanda wa Geita, duara ni shimo wanaloteremkia wachimbaji. Mwalimu wa hisabati akisema "Choreni duara", asistaajabu akipata mchoro wa shimo, kamba na mtu akining'inia. Mchoro huo si utani. Ni jibu sahihi kwa neno lile kama linavyotumika nyumbani kwa mtoto. Mfano wa tatu ni kushika. Kwa Kisukuma, kushika ni kufika. Mtoto akisema "Mgeni ameshika", asiulizwe kwa kejeli ameshika nini. Mwalimu ajibu tu, "Ndiyo, mgeni amefika", na neno sahihi litaingia bila aibu.

Katika fungu hili la tatu mwalimu aziweke maana mbili kando kwa kando, asiifute ile ya nyumbani. Aseme: "Duara la machimboni ni shimo. Duara la hisabati ni umbo la mviringo kama mdomo wa kikombe." Kwa neno ndege, sarufi yenyewe humsaidia. Tunasema "Ndege ametaga" kwa kiumbe, na "Ndege imetua" kwa chombo. Watoto wakizoezwa kuisikiliza silabi ya kwanza ya kitendo, wataitambua maana wenyewe.

Mfano wa somo

Walimu wengi wanafunzi hufundisha majina ya vitu tu: meza, kiti, kikombe. Lakini mtoto hawezi kuunda sentensi kwa majina matupu, ahitaji vitendo. Tunatoa hapa mfano wa kipindi cha dakika 30 chenye vitendo vitano: chota, mimina, jaza, chuja na mwaga. Zana ni ndoo ya maji, kata, kopo, chupa na kitambaa safi.

Hatua ya kwanza: Mwalimu atende na kusema. "Ninachota maji. Ninamimina maji katika chupa. Ninajaza chupa." Watoto watazame na kusikiliza bila kurudia.

Hatua ya pili: Watoto watende kwa amri ya mwalimu. "Chota maji! Mimina katika kopo!" Hapa mtoto anaonyesha kuelewa kabla ya kudaiwa kusema. Mwalimu asiiruke hatua hii, maana ndiyo inayomwokoa mtoto mwenye haya.

Hatua ya tatu: Mtoto mmoja atende, mwingine aulize, wa tatu ajibu. "Anafanya nini?" "Anachuja maji."

Hatua ya nne: Maneno yaonyeshwe katika kadi zilizokatwa kutoka maboksi, yasomwe, kisha kila mtoto aandike sentensi moja.

Maji yaliyotumika yasimwagwe ovyo. Katika mkoa wenye ukame kama wetu, watoto wayapeleke kwenye miche ya shule, na huko wajifunze neno la sita: mwagilia.

Darasa likiwa na watoto mia moja, wagawanywe kwa safu, na kila safu iwe na kopo lake. Mwalimu ajihadhari na kuitika kwa pamoja. Swali "Mmeelewa?" hujibiwa "Ndiyo, mwalimu!" na sauti mia moja, na ndani yake wamejificha thelathini wasioelewa neno.

Jamaa za maneno

Lugha yetu ina utajiri ambao mwalimu hana budi kuutumia: neno moja huzaa mengine mengi. Kutoka lima twapata mkulima, kilimo na limia. Kutoka fuga twapata mfugaji, ufugaji na mifugo. Mtoto wa darasa la pili akifundishwa kwamba afugaye ni mfugaji, ataweza kukisia maana ya msomaji na mchimbaji kabla ya kuambiwa. Kwa njia hii anapata ufunguo wa maneno mengi kwa bei ya moja. Mwalimu aanze na jamaa ambazo mtoto anaziishi: kulima pamba na mpunga, kufuga, kupika.

Hadithi na vitendawili navyo visisahauliwe. Watoto wa Usukuma wanatoka katika jamii iliyozoea mazungumzo ya jioni motoni, shikome. Kitendawili "Nyumba yangu haina mlango" humpa mtoto nyumba, mlango na yai kwa mara moja, tena akiwa anacheza.

Juu ya matamshi, tunashauri subira. Mtoto wa Kisukuma aghalabu huchanganya r na l, na sauti dh huitamka z. Kura ikawa kula, mahari ikawa mahali. Mwalimu amsikilizishe jozi za maneno hayo, amzoeze kidogo kidogo kila siku, lakini asimkatize katikati ya wazo lake. Kwanza aseme, kutengeneza sauti kutafuata.

Lugha ya nyumbani darasani

Wako waliozoea kumvisha mtoto kibao shingoni, au kumchapa, kwa kuteleza na kusema Kisukuma. Mtoto wa namna hiyo hajifunzi Kiswahili, hujifunza kunyamaza. Na mtoto aliyenyamaza hawezi kusahihishwa, kwa kuwa hatoi kosa lolote. Neno moja la Kisukuma likitumika kama daraja halivunji taratibu za shule. Kinachotakiwa ni mtoto alivuke daraja, asijenge kibanda juu yake.

Mwalimu mgeni asiyejua Kisukuma, au lugha nyingine za ukanda huu kama Kisumbwa na Kizinza, asikate tamaa. Awe na daftari dogo. Awaulize watoto, "Hiki nyumbani mnakiitaje?" na aandike. Mtoto amwonapo mwalimu wake naye akijifunza maneno, huona kwamba kutokujua neno si fedheha.

Kupima

Neno lililofundishwa leo lisipokutana tena na mtoto kesho, na juma lijalo, litapotea. Kwa hiyo maneno matano yarudiwe katika vipindi vya hisabati, michezo na usafi. Katika kupima, mwalimu asiulize, "Nini maana ya neno hili?" Hilo ni swali la mtu mzima. Ampe mtoto kitendo cha kutenda, kitu cha kuchagua, au sentensi ya kukamilisha. Akishindwa, mwalimu arudi kwenye swali letu la mwanzo: amekosa jambo, au amekosa jina?

Hitimisho

Mwalimu mwanafunzi tuliyemtaja alirudi darasani juma lililofuata na kiota kikavu, yai la kuku, na eropleni aliyoitengeneza kwa mabua ya mtama. Alimwita mbele mtoto yule aliyesimamishwa ukutani, akampa vyote vitatu. Mtoto aliliweka yai ndani ya kiota, akasema, "Ndege ametaga." Kisha akaishusha eropleni polepole juu ya meza ya mwalimu, akasema, "Ndege imetua." Darasa likacheka tena, na safari hii mwalimu naye alicheka pamoja nao.

Sisi tulilifungua daftari la tathmini na kuikata kwa mstari ile sentensi yetu juu ya nidhamu. Twawaomba ninyi mtakaokwenda kufundisha msisubiri mwenzenu wa njiani awafumbue macho. Kila mtoto anaponyamaza, anapokosea, au anapocheka mahali msipotarajia, tafuteni kwanza neno lililopotea baina yenu na yeye.