Kompyuta ya Usharika Haipati Mtandao: Tuanzie Wapi?

Kamati kadhaa za sharika za Temeke na Kinondoni zimetuuliza: kompyuta yenye Linux ikikosa mtandao, je, kadi imekufa, tununue nyingine? Mara nyingi jibu ni hapana. Zifuatazo ni hatua za kufuata kabla ya kugusa fedha za wahisani.

Linux haina ada ya leseni, na huzifaa kompyuta za zamani tunazopewa. Wala si ngeni hapa kwetu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili.

1. Waya. Tazama taa ndogo pale waya wa mtandao unapochomekwa. Isipowaka, jaribu waya mwingine ulio mzima, kisha tundu jingine la ruta. Hatua hii haina gharama, nayo ndiyo inayorukwa zaidi.

2. Je, kompyuta inaiona kadi? Fungua dirisha la kuandikia amri, andika *lspci*. Tafuta mstari wenye neno "Ethernet" au "Network". Usipouona, zima kompyuta, chomoa umeme, toa kadi, futa vumbi, uirudishe vizuri.

3. Je, Linux inaitumia? Andika *ip link*. Ukiona "NO-CARRIER", hakuna mawasiliano kwenye waya. Rudi hatua ya kwanza. Ikiwa *lspci* inaionyesha kadi lakini *ip link* haiionyeshi, kwa kawaida inayokosekana ni draiva, yaani programu ya kuiendesha kadi. Kwa kadi isiyo na waya, andika pia *rfkill list*. Huenda imezimwa tu kwa kitufe.

4. Je, ina anwani? Andika *ip addr*. Kadi isiyo na mstari wa "inet" wenye namba haijapewa anwani na ruta. Zima ruta, iwashe tena. Anwani ikiwepo, andika *ping 8.8.8.8*. Majibu yakija lakini tovuti hazifunguki, kadi ni nzima. Rekebisheni mpangilio wa DNS.

Usharika mmoja wa Temeke ulikuwa umekwisha kutuandikia ombi la kompyuta mpya. Kwa wiki mbili katibu alibeba ripoti kwenye flashi hadi duka la intaneti. Tulipofika, *lspci* ilionyesha kadi. Draiva ndiyo haikuwepo. Lakini utaipakuaje draiva bila mtandao? Tuliunganisha simu ya katibu kwa waya wa USB, tukaruhusu simu igawe intaneti, tukapakua. Siku hiyo hiyo ripoti ilitumwa, na fedha zile zikabaki kwa kazi nyingine.

Tunaziomba kamati ziandike kwenye daftari hatua zilizojaribiwa na majibu yaliyopatikana, na kuliambatanisha na kila ombi la vifaa. Fundi ataokoa muda, na mhisani ataona kwamba tulitunza tulichopewa kabla ya kuomba kingine.