Wachonga Viko wa Saint-Claude

Anayepanda Mlima Kilimanjaro, akishauacha msitu wa mvua na kabla hajaifikia nchi ya mawe matupu, hupita katikati ya miti yenye mashina yaliyopinda na majani membamba mno. Ni miti ya jamii ya erika. Mmoja wao, ambao wataalamu wa mimea huuita Erica arborea, umeenea pia Mlima Kenya, Ruwenzori na nyanda za juu za Ethiopia, na ng'ambo ya Sahara huibuka tena kandokando ya Bahari ya Mediterania, kwenye vilima vya Algeria, Korsika, Kalabria na Ugiriki. Huko, pale shina linapokutana na mizizi, mti huu hufanya nundu. Moto wa nyika ukipita na kuteketeza matawi yote, nundu hubaki hai ndani ya udongo na kuchipua upya. Mbao yake ni ngumu, haishiki moto kwa urahisi, na inastahimili joto linalopanda na kushuka kila siku. Ndiyo maana imekuwa mbao inayopendwa kuliko zote kwa kutengenezea bori la kiko, na ndiyo iliyoupa mji wa Saint-Claude jina lake duniani.

Tumbaku yenyewe siitetei. Madhara yake kwa mapafu, kinywa na moyo yanajulikana vya kutosha. Kinachonivuta Saint-Claude ni namna watu wa mahali pamoja walivyogawana kazi moja hata ujuzi wake ukawa mali ya mji mzima, na yanayompata mwanagenzi wa leo anayetaka kuubeba ujuzi huo peke yake.

Mji uko katika milima ya Jura, mashariki mwa Ufaransa, karibu na mpaka wa Uswisi, umebanwa bondeni pale mto Tacon unapoingia mto Bienne. Ardhi ya kulima ni haba. Ng'ombe wa maziwa wapo, lakini theluji ikianguka, familia za wafugaji zilikuwa zikifungiwa ndani kwa miezi. Miezi hiyo hawakuikaa bure. Walikereza mbao: vijiko, vikasha, vifungo vya nguo, na zaidi ya yote vitu vya ibada. Kwa maana Saint-Claude ulikuwa mji wa hija. Abasia yake ilianza karne ya 5, na ndani yake ulihifadhiwa mwili wa Askofu Claude wa karne ya 7, ambao waumini waliamini kuwa haukuoza. Kuanzia karne ya 12 mahujaji walimiminika, na mfalme Louis XI naye alikuja. Kila hujaji alitaka kurudi kwao na kitu mkononi, na wakereza walimuuzia rozari na sanamu za mti wa boksi.

Wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, mwaka 1794, mabaki ya mtakatifu yalichomwa. Mwaka 1799 moto mwingine uliuteketeza mji wenyewe. Hija ilikatika, lakini mashine za kukereza zilizosukumwa na maji ya mto ziliweza kujengwa tena, na watu waliojua kuzitumia walikuwapo. Walikuwa tayari wakitengeneza midakale na midomo ya viko vya udongo na kauri. Walijaribu pia kiko kizima cha mbao, kwa mti wa boksi, mcheri na mingineyo, ila bori liliungua baada ya muda. Katikati ya miaka ya 1850 erika ikafika. Husimuliwa kwamba ni mfanyabiashara kutoka Korsika aliyeileta kwa fundi mmoja wa mji, na kila familia ya zamani ina namna yake ya kuisimulia habari hiyo. Kwa vyovyote, kizazi kimoja baadaye mabonde yote ya jirani yalikuwa yakiishi kwa kiko.

Kazi yenyewe huanzia mbali na Jura. Wachimbaji huing'oa nundu vilimani, kutoka kwa miti iliyokwisha kuishi miaka 30 na kuendelea, na lazima waifunike na kuilowesha maji, kwa kuwa jua na upepo huipasua mara moja. Halafu huja mkataji. Yeye husimama mbele ya msumeno wa duara, nundu mikononi, na kwa kuitazama tu huamua pa kuipasua: ndani kuna moyo mwekundu usiofaa, pembeni kuna mbao njema, na katikati yake kuna nyufa na mchanga ambavyo mti ulivimeza ulipokuwa unakua kati ya mawe. Vibonge anavyovitoa huchemshwa kwa saa 12 hivi ili utomvu na uchungu vitoke, kisha hukaushwa polepole kivulini kwa miezi mingi. Ndipo vinasafirishwa.

Saint-Claude vinapokelewa na mchambuzi, na hapa ndipo mwanagenzi angepaswa kuanza, ingawa wengi hupenda kukimbilia mashine. Kibonge cha erika kina sura mbili. Upande mmoja mistari ya mbao hupanda sambamba kuelekea ganda la nje. Wenyewe huiita ndimi za moto. Upande mwingine, pale mistari hiyo ilipokatwa kwa upana, huonekana vidoa vidogo vya duara vinavyoitwa jicho la kware. Fundi mwenye jicho hukigeuza kibonge kabla hajachora lolote, hata ndimi zipande mbele na nyuma ya bori na macho ya kware yatulie ubavuni. Akikosea uelekeo, kiko kitavutika vizuri tu, lakini kila anayekijua atakitazama na kuona kwamba mbao haikuulizwa.

Baada ya hapo kuna kukereza kichwa, kuchonga shingo, na kutoboa. Kwenye kutoboa hapana nafasi ya kubahatisha. Kuna chumba cha tumbaku, ambacho mara nyingi kina upana wa milimita 18 hadi 20; kuna njia ya moshi, nyembamba, milimita 4 hivi; na kuna tundu la shingo linalopokea ulimi wa mdomo. Njia ya moshi lazima itokee katikati kabisa ya sakafu ya chumba. Ikitokea juu kidogo, tumbaku ya chini haitaungua na itabaki tope. Ikishuka mno, kitako cha bori kitakuwa chembamba na kitaungua. Keekee huingia shingoni bila fundi kuona inakokwenda, na kosa likishafanyika hakuna gundi wala dawa ya kulirudisha.

Mdomo ni kazi nyingine. Zamani ulikuwa wa pembe au kaharabu. Baadaye ukaja mpira mgumu uitwao eboniti, na siku hizi plastiki ya akriliki pia. Ulimi wake uingie shingoni kwa kukaza kidogo tu, maana mbao hupanuka moshi ukipita. Pale meno yanaposhika, mdomo hupigwa tupa hadi ubaki milimita 4 au karibu na hapo, na njia iliyomo ndani hupanuliwa iwe mfano wa feni ili moshi usikwame. Mtu anaweza kutumia muda mwingi zaidi kwenye mdomo kuliko kwenye bori lote, na akavumilia kuona wanunuzi wakilisifu bori.

Kisha msasa, kutoka ule mkali hadi ule laini, rangi iliyoyeyushwa kwa spiriti, na mwisho nta ya karnauba, itokayo kwenye majani ya jamii ya mitende ya Brazili, inayopakwa kwa gurudumu la kitambaa linalozunguka. Kazi ya kung'arisha viwandani ilifanywa zaidi na wanawake. Mara nyingi wao ndio waliogundua aibu za mbao: ufa wenye upana wa unywele, kishimo kilichofichwa na vumbi hadi dakika ile. Kiko kisicho na doa hata moja ni nadra. Vingine huzibwa, vingine hupakwa rangi nzito, vingine huchongwa uso wote uwe na makovu ya makusudi ili ila ipotee humo.

Niliyoyasimulia mfululizo namna hii, mji uliyagawa. Kijana aliyeingia karakana za Saint-Claude mwishoni mwa karne ya 19 hakufundishwa kutengeneza kiko. Alifundishwa hatua moja. Wa kukereza alikereza, wa kutoboa alitoboa, wa kufunga midomo alifunga midomo, na vijijini kulikuwa na waliopelekewa kazi nyumbani wakaifanya kati ya kukamua asubuhi na kukamua jioni. Mkono uliorudia tendo moja maisha yote ulipata wepesi ambao mtu wa kazi nyingi hawezi kuufikia. Tena ulimtegemea jirani. Aliyetoboa vibaya alimharibia kazi mkerezaji aliyemtangulia na kumnyima mshahara mng'arishaji aliyemfuata, na wote walikutana sokoni na kanisani.

Nadhani ndiyo sababu ushirika ulistawi pale kuliko sehemu nyingi za Ufaransa. Mwaka 1881 ulianzishwa ushirika wa walaji ulioitwa La Fraternelle, ambao baadaye uliamua jambo zito: faida isigawiwe kwa mwanachama mmoja mmoja. Iliwekwa pamoja kwa ajili ya wagonjwa, wazee na elimu. Sisi tuliokulia kwenye vyama vya kahawa na pamba, ambako swali la kwanza la mkutano ni malipo ya pili yatatoka lini, tunaweza kupima uzito wa uamuzi huo. Mwaka 1910 waliingia kwenye Nyumba ya Watu waliyoijenga wenyewe, yenye duka, mgahawa, maktaba, mtambo wa uchapaji, ukumbi wa mazoezi na wa tamthilia. Jengo lipo hadi leo na linatumika kwa shughuli za sanaa.

Na watu hawa wa vumbi la mbao walikuwa na sikukuu yao, inayoendelea bado. Majira ya baridi yakielekea kwisha, wake kwa waume huvaa kanzu nyeupe za kulalia na kofia za pamba, wakashika mivukuto ya kupulizia moto, na kupita mitaani wakipuliza upepo chini ya sketi na makoti ya wapita njia. Mapokeo yanasema ni mfano wa watawa wa zamani waliofukuza mashetani mjini. Huitwa Soufflaculs, na mgeni anayejitokeza barabarani siku hiyo hupulizwa kama mwenyeji.

Ujuzi ulisafiri. Henri Comoy, wa familia ya wachonga viko wa huko, alihamia London mwaka 1879, na viko vya Kiingereza vilivyosifika baadaye vina deni kwa mafundi wa Jura. Lakini mji wenyewe ulipata pigo lisilosahaulika Jumapili ya Pasaka, tarehe 9 Aprili 1944, askari wa Kijerumani chini ya Klaus Barbie walipowakusanya wanaume wake uwanjani. Watu 302 walipelekwa kambi ya Buchenwald, na wengi hawakurudi. Karakana zilizofunguliwa tena baada ya vita zilikuwa na viti visivyo na wenyewe.

Baadaye sigara ilikishinda kiko, sheria ya 1991 ikapiga marufuku matangazo ya tumbaku Ufaransa, na viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine. Mwaka 1966 mafundi walikuwa wameunda Udugu wa Mabingwa wa Kiko, na kazi zao bora zinahifadhiwa kwenye makumbusho ya mji. Karakana zilizobaki ni chache.

Huku kwetu historia ilikwenda kwa njia nyingine. Pwani na bara wazee walivuta kiko cha maji: bori la udongo, mdakale, na kifuu cha nazi au kibuyu kilichopokea moshi. Aliyekivuta aliweza kukitengeneza, au alimjua jirani aliyekitengeneza. Halafu miaka ya 1950 na 1960 kampuni ya Tanganyika Meerschaum Corporation ilitumia jiwe jeupe jepesi, sepiolaiti, lililochimbwa upande wa Amboseli, kutengeneza viko vya kuuza ng'ambo. Viliitwa Kiko, vikawa na alama ya tembo, vingine vikavikwa ngozi. Arusha ilipata kiwanda, na Ulaya wapo wanaovikusanya viko hivyo hadi leo. Kiwanda hakikupata miaka mia moja ya kuzungukwa na familia, vijiji na vyama, na kilipokwisha hakukuwa na mtaa wa Arusha uliosema hii ndiyo kazi yetu.

Anayejifunza sasa Saint-Claude, au Denmark, Italia na Japani ambako mafundi wa kujitegemea wamejitokeza, hufanya peke yake yote yaliyofanywa na mji. Huchagua mbao, hukereza, hutoboa, huchonga mdomo, hung'arisha, kisha hutafuta mnunuzi. Uhuru ni mkubwa: anaweza kufuata umbo ambalo kiwanda kisingelikubali, na kibonge kikitoa kishimo ubavuni akabadili nia papo hapo na kuchonga kiko kifupi zaidi. Lakini hana mng'arishaji wa kumrudishia kazi na kumwambia tundu limepotoka. Wenye busara humtafuta mtu huyo. Wanaomba kukaa wiki chache kwenye karakana ya mzee, na wakifika hupewa kwanza gunia la vibonge wavichambue mezani, mwenyewe akiwa pembeni akirudisha kwenye rundo kila walichokiweka mahali pasipo pake.